Mteja Mwenye Maneno Makali: Jinsi ya Kulinda Amani ya Duka

Malalamiko mengi yanayofikishwa kwenye meza zetu za mapokezi huanzia mahali ambapo hapakutarajiwa vita: kaunta ya duka. Mlalamikaji huingia kituoni shati limechanika, mdomo umevimba, na nyuma yake majirani wawili waliokuja kuwa mashahidi. Askari wa zamu akimwuliza jambo lilianzaje, jibu huwa dogo hata mwenyewe huona haya kulitamka: chenji ya shilingi mia tano, foleni iliyorukwa, mkate wa jana, salamu isiyoitikiwa. "Alinitukana, afande, nami nikamjibu." Baina ya tusi la kwanza na mdomo uliovimba huenda hazikupita dakika tatu. Makala haya yanahusu dakika hizo tatu.

Tunawaandikia wanaosimama nyuma ya kaunta: wauzaji wa maduka ya rejareja, makarani wa supamaketi, mawakala wa pesa za simu, wauzaji wa dawa, pamoja na walinzi wa milangoni. Hatukusudii kuwafundisha biashara, kwani hiyo mnaijua kuliko sisi. Tunalokusudia ni kuonyesha mpaka ulipo kati ya ukosefu wa adabu na kosa la jinai, kwa sababu mpaka huo hukosewa na watu wa pande zote mbili. Wapo wauzaji wanaovumilia mambo ambayo sheria haiwataki wayavumilie. Na wapo wanaomwita mwizi mtu ambaye kosa lake pekee ni kulelewa vibaya.

Ukali hutoka wapi

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kijinga kimoja peke yake hufuka moshi tu kisha kikazimika. Mteja anayeingia dukani na hasira ni kijinga kimoja. Cha pili kimo mikononi mwa muuzaji, naye ndiye mwenye hiari ya kukisogeza au kukiweka mbali. Ili aweze kukiweka mbali, ni vema ajue hasira ya mteja inatoka wapi, kwani mara nyingi haikuanzia pale dukani.

Chanzo cha kwanza ni kusubiri na kutojua. Mteja amelipa kwa simu, fedha imekatwa kwake, lakini ujumbe haujafika kwa muuzaji. Mmoja ana hakika kwamba amelipa. Mwingine ana hakika kwamba hajalipwa. Kila mmoja anamwona mwenzake tapeli, ilhali mkosaji ni mtandao. Ni kweli wako matapeli wanaoonyesha ujumbe wa kughushi kwenye simu zao, na kwa sababu hiyo tunawashauri wauzaji kuhakiki malipo katika simu ya duka lenyewe, si katika simu ya mteja. Lakini kuhakiki hakuhitaji shutuma. Muuzaji anaweza kusema: "Mama, nimekuelewa. Pesa imetoka kwako, ila kwetu haijaonekana. Keti kidogo tuangalie pamoja." Neno "pamoja" huwaweka wawili hao upande mmoja, na tatizo likabaki upande wa pili.

Ndivyo ilivyo pia kwa noti inayotiliwa shaka. Kumiliki noti bandia kwa kujua ni kosa, lakini watu wengi wanaozileta dukani wamezipokea kwingine bila kujua. Anayesema kwa sauti, "Unaniletea pesa bandia!" amemvua mtu heshima mbele ya umati kabla ya kujua ukweli. Anayesema kwa upole, "Mzee, hii naomba unibadilishie," amelinda fedha yake na heshima ya mteja wake. Mtu akionekana kuwa na noti nyingi za namna hiyo, tupigieni simu kimya kimya.

Chanzo cha pili ni mashaka kuhusu kipimo na ubora. Mteja akisema sukari haijatimia kilo, apimiwe tena mbele ya macho yake. Mizani ya biashara huhakikiwa na shirika la viwango la taifa, UNBS, na muuzaji mwenye mizani iliyohakikiwa hana sababu ya kuogopa kipimo cha pili. Vilevile, maduka mengi yamebandika tangazo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo lisigeuzwe rungu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inampa mnunuzi haki kuhusu ubora wa anachonunua, kwa hiyo kuelekeza kidole ukutani si jibu la kila lalamiko.

Chanzo cha tatu, ambacho watu hukidharau, ni lugha. Katika Uganda salamu ni mlango wa mazungumzo. Mtu anayeanza kwa kutaja anachotaka bila kusalimu huonekana amedharau, na aliyezoea Kiganda husema "nsaba", yaani naomba, hata kwa kitu anachokilipia. Sasa katika miji ya mpakani kama Busia, Malaba na Mpondwe huja mnunuzi aliyekulia Kiswahili cha mkato: "Leta unga kilo mbili." Kwake hiyo ni lugha ya kawaida ya soko, kwa muuzaji ni amri. Tumesuluhisha ugomvi ambao, tulipoupekua hadi mzizi, hatukukuta tusi lolote. Tulikuta tu watu wawili waliolelewa katika adabu mbili tofauti. Muuzaji anayetanguliza salamu yeye mwenyewe, "Karibu ssebo," "Karibu nnyabo," amekwisha kuzima nusu ya ugomvi huo kabla haujawaka.

Mpaka kati ya utovu wa adabu na jinai

Mteja anayesema unachelewesha watu, duka lako ni chafu, bei zako ni za wizi, au anayetaka kuonana na mwenye duka kwa sauti ya juu, amekosa adabu. Hajavunja sheria. Polisi hawawezi kumkamata, na muuzaji anayetuita tuje kumtia mtu pingu kwa sababu hiyo tutamwambia ukweli huo. Mwenye duka ana haki ya kukataa kuendelea kumhudumia na kumwomba atoke, lakini maneno ya kuudhi peke yake si mashitaka.

Mambo hubadilika pale yanapotokea haya yafuatayo.

Kwanza, mkono unapoinuka. Kumpiga au kumsukuma mtu ni shambulio, na kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu shambulio la kawaida laweza kumpeleka mtu gerezani hadi mwaka mmoja. Likisababisha jeraha la mwili, kifungo chaweza kufika miaka mitano. Sheria hiyo haiulizi nani ni mteja na nani ni muuzaji.

Pili, vitu vinapovunjwa kwa makusudi. Kupindua meza ya nyanya au kupasua kioo cha kaunta ni uharibifu wa mali.

Tatu, vitisho. "Utaona" ni neno la hasira. "Leo usiku nitakuja kukuchoma humu humu" ni kutishia kutenda jeuri, na muuzaji asingoje usiku ufike ndipo atuarifu.

Nne, maneno au ishara zinazokusudiwa kumdhalilisha mwanamke katika staha yake. Jambo hili tunalisisitiza, kwa sababu wengi wanaosimama nyuma ya kaunta ni wasichana, na wengi wao wameambiwa kwamba kuvumilia matusi ya aina hiyo ni sehemu ya kazi. Si sehemu ya kazi. Kanuni ya Adhabu inayataja kuwa kosa hata kama mkono wa mtu haukumgusa binti huyo.

Tano, maneno ya kuchochea chuki kwa sababu ya kabila, dini au eneo mtu anakotoka.

Deni halimo katika orodha hii. Mteja aliyekopa sukari na sabuni akashindwa kulipa ni mdaiwa, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Deni la namna hiyo hupelekwa kwenye mahakama ya baraza la mtaa, au, kama halizidi shilingi milioni 10, katika utaratibu wa madai madogo uliopo kwenye mahakama zetu. Anayetuomba "tumlaze ndani kidogo apate kulipa" anatuomba tuvunje sheria.

Dakika tatu zenyewe

Sauti ya mteja ikishapanda, muuzaji afanye nini? Tunatoa ushauri huu kwa kutazama visa vilivyoishia salama na vilivyoishia vibaya.

1. Shusha sauti yako, usishindane na yake. Mtu anayepiga kelele mbele ya mtu anayezungumza polepole hujisikia mwenyewe. Usicheke, wala usiwageukie wateja wengine kutafuta waungaji mkono. Kicheko cha watu watatu kimeleta ngumi nyingi kuliko matusi.

2. Mwache amalize. Mtu akikatizwa huanza upya, na kila anapoanza upya huanza kwa ukali zaidi. Akimaliza, rudia shida yake kwa maneno yako: "Kwa hiyo, mzee, ulinipa noti ya elfu ishirini nami nikakurudishia chenji ya elfu kumi. Ndivyo?" Mtu aliyesikika hana haja tena ya kupiga kelele.

3. Jibu jambo, usimjibu mtu. "Chenji hii tuihesabu upya" ni jibu la jambo. "Wewe kila siku ni hivyo hivyo" ni jibu la mtu, nalo hufungua mlango wa mambo ya ukoo, ya kabila na ya mwaka juzi.

4. Acha kaunta iwe kati yenu. Usitoke kumfuata, usimshike mkono wala nguo. Kama mbele yako kuna kisu cha kukatia sabuni au mkasi, kiondoe mapema na bila kuonekana unakishika kwa vita. Visa viwili vinaweza kufanana kwa kila neno lililosemwa, kimoja kikaisha kwa kuombana radhi na kingine hospitalini, tofauti ikiwa ni kisu kilichoachwa juu ya kaunta.

5. Ita mtu wa tatu. Si wa kukusaidia kupigana, bali wa kuupokea ugomvi. Mwenye duka, mwenzako wa zamu, au jirani mwenye umri mkubwa humpa mteja nafasi ya kuanza mazungumzo upya bila kuonekana ameshindwa. Mara nyingi mteja haking'ang'anii kitu chenyewe. Anatafuta njia ya kutoka na uso wake ukiwa mzima. Mpe njia hiyo.

6. Akitaka kuondoka, mwache aondoke. Hata kama ameondoka akitukana. Maneno ya mwisho si mali ya duka, na kuyapigania hakumwongezei mtu mshahara.

7. Andika. Mara atakapotoka, andika saa, yaliyosemwa, na waliokuwapo. Maneno yaliyoandikwa siku ile ile yana uzito kuliko kumbukumbu ya wiki mbili baadaye.

Neno moja la kuogopwa

Kuna neno ambalo tunawasihi wauzaji wasilitamke kwa hasira: "Mwizi!" Katika mitaa na masoko yetu neno hilo halibaki dukani. Linavuka barabara hadi kwenye steji ya bodaboda, linapokewa na watu ambao hawakuona chenji, hawakuona mkate, hawakusikia mwanzo wa maneno. Wanafika wakiwa na mawe. Aliyeita kwa hasira ya dakika moja hana uwezo wa kuwarudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ripoti ya uhalifu inayotolewa na Jeshi la Polisi kila mwaka huwa na hesabu ya peke yake kwa watu waliouawa na makundi yenye hasira. Kuwapo kwa hesabu hiyo ni aibu yetu sote. Ibara ya 28 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba mtuhumiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo au akiri mwenyewe. Wanaompiga mtu mpaka akafa hawajasaidia haki. Wametenda mauaji, kosa ambalo adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Na aliyepaza sauti ya kwanza hujikuta akiulizwa maswali magumu mbele ya ofisa mpelelezi, juu ya kitu cha shilingi elfu tatu.

Je, muuzaji akimwona mtu akiiba waziwazi, akae kimya? La. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi wanaweza kukamatia bila hati. Lakini ruhusa hiyo inakwenda na sharti: aliyekamatwa akabidhiwe polisi bila kuchelewa kusiko na sababu. Hakuna mahali sheria iliposema apigwe, avuliwe nguo, avishwe bidhaa shingoni na kutembezwa sokoni, au afungiwe stoo hadi ndugu zake walete fedha. Kumfungia mtu kinyume cha sheria ni kosa, na aliyeibiwa anaweza kutoka kituoni akiwa mshitakiwa.

Walinzi wa milangoni nao wakumbuke kwamba Ibara ya 27 ya Katiba inakataza kumpekua mtu kinyume cha sheria. Kuomba risiti kwa adabu ni jambo moja. Kutia mkono mfukoni mwa mtu kwa sababu alikujibu vibaya ni jambo lingine. Upekuzi wa mwanamke unapokuwa wa lazima hufanywa na mwanamke mwenzake, kwa staha. Mkiona shaka ya kweli, mwiteni polisi.

Tungependa pia kugusia picha za simu. Picha za kamera ya usalama ni ushahidi mzuri, zihifadhini na mtuletee. Lakini kumrekodi mteja akifoka na kumtandaza kwenye mitandao ili dunia imcheke huongeza ugomvi, na kunaweza kugongana na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Ushahidi ni wa kituoni na mahakamani.

Neno kwa wenye maduka

Tumewahi kujiuliza kwa nini binti wa miaka ishirini amkimbilie mwanamume mwenye nguvu hadi katikati ya barabara kwa ajili ya chupa ya mafuta ya kupikia. Jibu mara nyingi tunalipata kwake mwenyewe: "Ikipotea, afande, inakatwa kwenye mshahara wangu." Hapo ndipo tunapoelewa kwamba ugomvi ule haukuanzishwa na mteja peke yake. Mwajiri anayemlipisha muuzaji kila upungufu amemtuma vitani bila kumwambia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake wawapo kazini, na ulinzi huo hauishii kwenye mashine na moto.

Kwa hiyo tunawaomba wenye maduka mambo manne. Mwambieni mfanyakazi wazi kwamba uhai wake una thamani kuliko bidhaa yoyote. Wekeni chenji ya kutosha asubuhi, kwani upungufu wa chenji huzaa ugomvi kila siku. Jioni, duka linapojaa, msimwache mtu mmoja peke yake kama mnaweza. Na mteja akilalamika, msimfokee mfanyakazi mbele yake ili kumridhisha; sikilizeni pande zote mbili, kisha amueni.

Mkifika kituoni

Jambo likishakuwa jinai, tupigieni simu 999 au 112, au fikeni kituo kilicho karibu. Njooni na mashahidi, majina yao, na kilichovunjwa kama kinabebeka. Aliyeumizwa aombe Fomu ya Polisi namba 3 ili apimwe na mganga, na asingoje siku nyingi, kwa maana jeraha hupona na ushahidi ukapona nalo. Katika maelezo, semeni maneno kama yalivyotamkwa, hata kama ni ya aibu. "Alinitukana" haitoshi kumwonyesha hakimu kilichotokea. Semeni pia mliyojibu. Maelezo yanayoficha nusu ya mambo huvunjika mbele ya shahidi wa kwanza wa upande wa pili.

Kufungua shauri hakulipiwi, na dhamana ya polisi hutolewa bure. Askari akidai fedha kwa lolote kati ya hayo, mripoti kwa mkuu wa kituo au kwa kitengo chetu cha nidhamu, PSU.

Na kwa kuwa tumewaomba wengine adabu, si haki tukajisahau. Nasi ni wateja wa maduka hayo hayo. Sare haimpi askari ruhusa ya kuruka foleni, kuchukua soda kwa ahadi, wala kumwita muuzaji kwa kumpigia mluzi. Muuzaji aliyedharauliwa na askari asubuhi hatatuita jioni atakapotuhitaji, na gharama ya hilo tutailipa sote.

Hatutaweza kuweka askari kwenye kila kaunta, wala haifai. Walinzi wa kwanza wa amani katika mtaa ni wale wanaofungua duka alfajiri na kulifunga usiku, wanaopokea watu mia moja kwa siku, wenye furaha na wenye msiba. Maofisa wetu wa uhusiano na jamii wako tayari kuja katika soko lenu, au katika mkutano wa LC1, kuzungumza nanyi na kusikiliza yanayowasibu. Waiteni. Na kesho atakapoingia mteja aliyekunja uso, mtangulieni kwa salamu, kisha kihesabuni chenji mara mbili.